Ni Nani Aliyemwua?

Neno la mwezi: Yohana 9, mstari wa 1 hata wa 7, na mstari wa 35



Katika sura hii twasoma habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Bwana Yesu alikuwa akipita njiani pamoja na wanafunzi wake, wakamwona. Wale wanafunzi hawakumwamkia, wala hawakumwuliza jina lake. Walimgeukia Mwalimu wao, wakauliza, naye kipofu akisikia, kama dhambi hii ni ya nani, yake mwenyewe au ya wazazi wake. Machoni pao shida ya mtu huyu ilikuwa kesi, nao walitaka kumjua mshitakiwa. Bwana akawajibu kwamba si yeye aliyekosa, wala wazazi wake; bali kazi za Mungu zitaonekana kwake. Baada ya hayo hakusema mengi. Akatema mate chini, akakanda tope, akampaka macho, akamtuma kunawa katika birika ya Siloamu. Yule mtu akaenda, akanawa, akarudi anaona.

Swali la wanafunzi ni la zamani sana, walakini halijafa. Mtoto akifa ghafula, watu hunong'ona nyuma ya nyumba: Ni nani? Mama akikonda asipone, ndugu huulizana: Ni nani aliyemfanyia hivi? Swali hili laingia katika kilio kabla ya mchungaji kufika, na mara nyingi hubaki baada yake kuondoka. Ili tuone vema matunda yake, nataka leo twende pamoja kwa mawazo hata vijiji vya milimani vya Papua. Mara nyingi mtu huliona kwa urahisi jambo la mbali; na akiisha kuliona, hurudi nyumbani akalitambua la kwake.

Nchi na watu wake

Kisiwa cha Guinea Mpya kimo katika bahari kuu, kaskazini ya Australia. Nusu yake ya mashariki ni nchi ya Papua Guinea Mpya, iliyopata uhuru tarehe 16 Septemba 1975. Humo husemwa lugha zaidi ya 800, kwa maana milima imewatenga watu hata wa bonde moja wasifahamiane na wa bonde la pili. Zamani Wazungu wa pwani walidhani kwamba katikati ya kisiwa hamna kitu ila mawe na misitu. Lakini walipopanda, katika miaka ya 1930, waliona mabonde mapana yenye mashamba yaliyopangwa vizuri, na watu maelfu kwa maelfu.

Upande wa mashariki wa milima hiyo, katika wilaya ya Okapa, wanakaa Wafore. Ninyi mnaokaa Kilimanjaro, Usambara au Rungwe mngeyafahamu upesi maisha yao. Nchi ni ya miinuko mikali. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, na njia huteleza kwa mvua. Chakula chao kikubwa ni viazi vitamu, pamoja na magimbi, ndizi na miwa. Zamani walilima kwa mti uliochongwa ncha, wakakata miti kwa mashoka ya mawe, wakapika mboga na nyama ndani ya vipande vya mianzi. Mashamba huzungushiwa ua ili nguruwe wasiingie, kwa kuwa nguruwe ni mali kubwa: kwa nguruwe mtu huoa, kwa nguruwe hupatanishwa na adui, kwa nguruwe huheshimu wafu wake. Wanaume walilala pamoja katika nyumba yao. Wanawake walilala katika nyumba ndogo pamoja na watoto wadogo, na nguruwe pia. Mtoto wa kiume alipokua alihamia nyumba ya wanaume. Kazi ya shamba na kulea nguruwe iliwaelemea wanawake. Tangu miaka ya 1950 wamepanda kahawa, nayo huwapa fedha kidogo.

Watu wa Papua si wageni kwetu kabisa. Mwaka 1886 mmisionari Johann Flierl wa Neuendettelsau, katika Bavaria ya Ujerumani, alifika pande za Finschhafen pwani. Ilipita miaka 13 hata ubatizo wa kwanza, mwaka 1899. Kazi ile ya Neuendettelsau leo imo mikononi mwa Mission EineWelt, ambayo ina ushirika na Kanisa letu la Kilutheri la Tanzania kama ilivyo na Kanisa la huko. Tena, ninyi walimu, angalieni neno hili: waliopeleka Injili milimani hawakuwa Wazungu peke yao. Tangu mwaka 1908 sharika za Wakâte, jirani na Finschhafen, zilianza kuwatuma watu wao wenyewe, na katika miaka ya 1920 wainjilisti hao walifika hata ukingo wa nyanda za juu. Walikwenda na wake zao na watoto wao, wakajenga katikati ya makabila yaliyokuwa yakipigana, wasijue lugha, wasiwe na bunduki. Mwaka 1956 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la nchi ile likaundwa, na mwaka 1973 likapata askofu wake wa kwanza mzalendo, Zurewe Zurenuo. Katika pande za Okapa pia palikuwa na vituo vya Kilutheri, Tarabo na Awande.

Ugonjwa wa kutetemeka

Sasa twafika katika huzuni ya Wafore. Yapata miaka ya 1920 ulitokea ugonjwa mpya, wakauita kuru, maana yake kutetemeka. Mwaka 1953 afisa mmoja wa serikali ya Australia, akizunguka vijijini, alimwona msichana ameketi karibu na moto, mwili wote ukitetemeka na kichwa kikitikisika huku na huku. Wenyeji wakamwambia kwamba amelogwa na atakufa. Ndivyo ilivyokuwa kila mara. Kwanza mgonjwa huanza kuyumba anapotembea, kama mtu aliyelewa. Kisha hutembea kwa fimbo. Kisha hawezi kusimama tena, huketi tu. Mwisho hawezi kuketi wala kumeza. Wengine walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Walakini akili zao hazikupotea upesi. Wengi walijua vema lililokuwa likiwapata. Tangu kuanza kuyumba hata kufa ilipita kama mwaka mmoja. Hakuna hata mmoja aliyepona.

Na waliokufa walikuwa hasa wanawake, pamoja na watoto wa kike na wa kiume. Wanaume wazima walishikwa mara chache. Wafore walikuwa kama watu 11,000 tu, na katika miaka ile mibaya walikufa wao na jirani zao kama watu 200 kwa mwaka mmoja. Tangu mwaka 1957 hesabu ilipoanza, waliokufa wamepita 2,700. Katika vijiji vingine vya Wafore wa Kusini wanaume waliwazidi wanawake mara mbili au zaidi. Wanaume walibaki na watoto wachanga mikononi, wakaingia katika mashamba ya viazi kufanya kazi ambayo tangu zamani ilikuwa ya wake zao. Wazieni kijiji cha namna hiyo: moshi wa jioni ni mchache, nguruwe hawana wa kuwalisha, na mtoto aliapo usiku, hakuna mama.

Swali na matunda yake

Basi Wafore wakauliza kama wanafunzi walivyouliza: Ni nani aliyetenda? Nao walikuwa na jibu tayari. Walisema kwamba mchawi huiba kitu kilichomgusa mtu, labda nywele, au kipande cha vazi, au mabaki ya chakula. Hukifunga katika majani pamoja na jiwe, hukipiga kwa fimbo, kisha hukizika mahali penye matope na baridi. Kadiri kifurushi kinavyooza, ndivyo mtu anavyotetemeka hata kufa. Kwa hiyo kila mtu alificha mabaki yake. Hata maganda ya chakula hayakutupwa ovyo, na vyoo vilichimbwa kwa kuogopa wachawi.

Ili kumpata mchawi wakapiga ramli. Walimtia mnyama mdogo wa msituni katika mwanzi, wakalitaja jina la mtu waliyemshuku, wakamweka motoni. Ini la mnyama lisipoiva, husema, Ndiye huyu. Wengi wa walioshukiwa walikuwa wanaume wa kijiji cha jirani. Wengine walivamiwa njiani au mashambani, wakauawa kwa mawe na marungu. Ndugu wa aliyeuawa nao wakatafuta kisasi. Hivyo ugonjwa uliwaua wanawake, na swali likawaua wanaume.

Mwaka 1962 na 1963 Wafore wa Kusini walifanya mikutano mikubwa. Watu wa vijiji vilivyokuwa na uadui wakakutana. Wanaume wakasimama hadharani, wakawasihi wachawi, wo wote walio, waache kazi yao, kwa kuwa wanawake wanakwisha na kabila litafutika. Wengine wakakiri uchawi wa zamani. Ndugu, tusiwacheke. Walikuwa wanaume waliofiwa na wake, na mama, na mabinti, wakashika njia waliyoijua. Hata hivyo, mikutano ilipokwisha, wanawake waliendelea kufa.

Jibu lililopatikana kwa kusikiliza

Mwaka 1957 madaktari Vincent Zigas na Carleton Gajdusek waliwakusanya wagonjwa Okapa, wakawachunguza. Damu, chakula, maji, hata majivu ya kupikia yalipimwa, wala sababu haikuonekana. Basi tukumbuke kwamba wenye elimu nao walitembea gizani kwa miaka.

Kisha, mwaka 1961, walikuja wataalamu wawili wa mila za watu, Robert Glasse na mkewe Shirley Lindenbaum. Hawa hawakuwa na darubini wala sindano. Waliketi na watu, wakawauliza wazee: Ni nani aliyekufa kwanza? Alikuwa ndugu wa nani? Alipokufa, mlifanyaje? Wakaandika majina ya koo, nyumba kwa nyumba. Polepole jambo likafunuka. Kwa miaka mingi Wafore hawakuwazika wafu wao wote udongoni. Ndugu wa kike walimtengeneza marehemu, na mwili wake ukaliwa na jamaa zake, hasa wanawake na watoto waliokuwa pamoja nao. Wanaume walishiriki mara chache, wala hawakula ubongo. Na ubongo ndio uliobeba ugonjwa.

Najua kwamba msomaji atashtuka. Lakini sikieni sababu waliyoitoa wenyewe. Walisema kwamba ni heri mpendwa wao akae ndani ya miili ya waliompenda, kuliko kuliwa na mabuu. Hawakufanya kwa ukatili. Kwao ilikuwa ibada ya maombolezo na heshima ya mwisho. Na katika heshima ile mauti ilijificha, isiletwe na mchawi ye yote.

Serikali na wamisionari walikuwa wameikataza desturi ile, na kufika yapata mwaka 1960 ilikuwa imekoma. Mwaka 1966 wataalamu walionyesha kwa sokwe kwamba ugonjwa waweza kupita toka mwili hata mwili, na baadaye ikajulikana kwamba huletwa na protini iliyopotoka katika ubongo. Tena ikaonekana ajabu: ugonjwa huu waweza kulala mwilini miaka 50 na zaidi kabla ya kuamka. Kwa hiyo watu waliokula walipokuwa watoto waliendelea kufa, mmoja mmoja, hata miaka ya kwanza ya karne hii. Lakini aliyezaliwa baada ya desturi kukoma hakushikwa. Leo kuru imekwisha.

Tunayofundishwa

Ndugu zangu, nina mambo matatu ya kuwaambia katika habari hizi.

La kwanza: swali la kumtafuta mkosaji halikumponya hata mtu mmoja. Hesabuni ramli zote, na mashitaka yote, na wote waliopigwa mawe: hakuna mwanamke aliyeacha kutetemeka kwa sababu hiyo. Tena swali lile liliziba njia ya kweli, kwa kuwa anayedhani kwamba amekwisha kumjua mwuaji hatafuti tena. Sisi twasema, Kikulacho ki nguoni mwako. Ni neno la hekima. Walakini hofu hulishika ikaligeuza kuwa kidole cha kumnyoshea jirani, au mke mwenza, au nyanya aliyezeeka. Bwana Yesu hakuwapa wanafunzi wake jina la mtu. Aliufunga mlango ule, akainama chini penye vumbi, akafanya kazi. Mahali palipo na mgonjwa, kazi ya Kanisa ni kuinama.

La pili: upendo wahitaji nuru. Wanawake wa Wafore walikufa kwa sababu waliwapenda wafu wao kwa njia iliyobeba mauti, nao hawakujua. Je, sisi hatuna mambo kama hayo? Twapenda kumwosha marehemu kwa mikono yetu, kumkumbatia, kulala kilioni pamoja naye. Ni mila njema. Lakini ugonjwa wa Marburg ulipotokea Kagera, mwaka 2023 na tena mwaka 2025, tulikumbushwa kwamba maradhi ya namna hiyo hupita kwa kumgusa mgonjwa na kumgusa maiti. Mwalimu anayewaambia watu wamwachie mganga wa hospitali mwili wa mpendwa wao haondoi upendo, anauwashia taa. Naye asiseme kwa dharau. Wale wawili walioketi na wazee wa Wafore walipata kujua kwa sababu waliheshimu watu na kusikiliza. Wazee wetu walisema, Mficha maradhi kilio humwumbua. Na mtu huyaficha maradhi yake penye watu wanaohukumu upesi.

La tatu: Bwana husimama pamoja na aliyetupwa nje. Someni sura yote hata mstari wa 35. Yule kipofu, baada ya kuponywa, alihojiwa na wakubwa, jirani wakamshangaa, wazazi wake wakaogopa kumtetea, na mwisho akafukuzwa. Bwana aliposikia kwamba wamemfukuza, alimtafuta hata akamwona. Hapo ndipo mtu yule alipomsujudia.

Nasema haya kwa kuwa swali la zamani lingali likiua. Katika milima ile ya Papua kuru imekwisha, lakini hofu ya uchawi haijakwisha. Mwezi wa Februari 2013 mwanamke kijana aliyeshitakiwa kwamba ameua mtoto kwa uchawi aliteswa na kuteketezwa kwa moto hadharani katika mji wa Mount Hagen, watu wengi wakitazama. Mwaka ule ule serikali ikaifuta sheria ya uchawi ya mwaka 1971, ambayo iliwapa wauaji udhuru. Hata hivyo mwaka 2017, katika mkoa wa Enga, mtoto wa kike wa miaka kama sita alishitakiwa uchawi, akaunguzwa kwa vyuma vya moto. Akaokolewa na watu waliothubutu kwenda kumtoa, na mmoja wao alikuwa mmisionari wa Kilutheri. Kumbukeni kwamba milima hiyo ina makanisa mengi. Wengi wa watazamao moto ule wamebatizwa.

Na hapa kwetu je? Katika Tanzania yetu, hasa pande za Usukuma, akina mama wazee wameuawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu. Macho ya mama aliyeinamia jiko la kuni miaka hamsini, akiwapikia watoto na wajukuu, yatakosaje kuwa mekundu? Moshi wa upendo wake ukafanywa ushahidi wa kumwua. Tena wauaji hawatoki mbali. Mara nyingine ni jamaa zake, na nyuma yao yuko mpiga ramli aliyelipwa.

Kwa hiyo nawasihi ninyi walimu na wazee wa Kanisa. Mwitwapo kwenye kilio, fikeni mapema, maana mnong'ono hufika mapema. Keteni na waliofiwa, wasikieni, walieni pamoja nao. Swali la Ni nani likitokea, msilikemee tu; ombeni hapo hapo, mkawaelekeze watu hospitali ili sababu ijulikane, kama yaweza kujulikana. Na isipojulikana, mwe na ujasiri wa kunyamaza mbele za Mungu, kuliko kulijaza pengo kwa jina la mtu. Wafundisheni wanafunzi wa ubatizo na wa kipaimara kwamba amri ya pili hutukataza uchawi na uaguzi, amri ya tano hutukataza kuua, na amri ya nane hutukataza kumshuhudia jirani uongo. Naye aendaye kwa mpiga ramli amekwisha kuzivunja mbili, na ya tatu iko mlangoni. Mama mzee akishitakiwa, nendeni nyumbani kwake mchana, watu wakiona. Kuleni chakula chake. Aketi kanisani katikati yenu. Na maisha yake yakiwa hatarini, waiteni wenye amri wa serikali bila kukawia.

Mtu atasema, Mwalimu, nikiketi na yule mama, watanishitaki na mimi. Huenda wakakushitaki. Lakini kumbuka Bwana wako. Yeye naye alishitakiwa kwamba hutoa pepo kwa nguvu za mkuu wa pepo. Imeandikwa katika Mathayo 12, mstari wa 24. Alihesabiwa pamoja na watenda maovu, asiye na kosa, akatolewa nje ya mji, akauawa, watu wengi wakitazama. Aketiye na aliyeshitakiwa bure aketi mahali ambapo Bwana ameketi kabla yake.

Na hapo msalabani lile swali letu lapata jibu lake. Ni nani aliyemwua? Si Wayahudi peke yao, wala Pilato peke yake, wala askari. Kila mmoja wetu akitazama vema ataona jina lake. Sisi tuliokuwa tukimtafuta mkosaji miongoni mwa jirani tumempata, nasi tumemwona nafsini mwetu. Lakini Yeye, badala ya kulipa kisasi, alituombea msamaha. Na siku ya tatu akafufuka, asije na rungu mkononi, akaja na amani. Mtu aliyesamehewa damu kubwa namna hii hawezi tena kupita kijijini akitafuta damu ya mwenzake. Hofu ya mchawi imeondolewa nguvu zake, kwa kuwa Aliye na ufunguo wa mauti ni Yule aliyekufa kwa ajili yetu. Wakristo wa milima ya Papua walipokea Injili hii kwa watu walioacha nyumba zao bila silaha. Sisi pia tuliipokea kwa watu wa namna hiyo. Basi tuishike wao na sisi, kila mtu penye kilio cha kwao.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyeinama chini ukakanda tope kwa ajili ya kipofu, utuinamishe na sisi kwa wagonjwa na waliofiwa. Utuondolee swali la hofu, utupe nuru katika upendo wetu. Uwalinde ndugu zetu wa milima ya Papua, na mama zetu wazee wanaoogopa usiku huu. Uwatafute waliofukuzwa, ututume sisi kuwatafuta pamoja nawe. Amina.